Filamu Isiyokuwa na Adui

Mimi nilikuwa mdomo wa kukodi. Ukitaka kujua kazi niliyoifanya Kitale miaka ile, kabla watu hawajaanza kutazama filamu kwenye simu, ndiyo hiyo. Filamu inazungumza Kiingereza cha puani, watu wamekaa kwenye mabenchi ya mbao, na mimi nimesimama kando ya televisheni na kipaza sauti nikiwaeleza kwa Kiswahili kinachosemwa. Walituita madijei, ingawa hatukupiga muziki wowote.

Si kila kinachosemwa nilikielewa. Nilikuwa nikijisifu kwamba naelewa nusu. Nilipohesabu tena kwa makini nikapata robo. Sehemu iliyobaki niliitengeneza papo hapo. Mtu akifungua mdomo kwenye picha, nami lazima nifungue wangu, maana watazamaji hawakulipa kiingilio waje kunitazama nimeduwaa.

Kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna aliyethubutu kuivunja. Kabla dakika kumi hazijapita, jumba zima lazima lijue staringi ni nani na adui ni nani. Staringi ni yule asiyekufa. Adui ni yule mtakayemzomea mpaka taa ziwashwe. Ukichelewa kuwataja, sauti zinaanza nyuma: "Dijei, taja adui!" Ukichelewa zaidi, maganda ya njugu yanaanza kuruka, na ganda la njugu halina adabu, linakufuata mpaka ndani ya shati.

Sasa, ile filamu niliipata sokoni. Muuzaji alitaja bei, nikacheka. Akashuka, nikaondoka. Akaniita, nikarudi nikiwa na uso wa mtu anayefanyiwa dhuluma. Mwishowe nikachukua diski tano kwa bei ya tatu, na ya tano aliichomeka katikati kwa sababu jalada lake halikuwa na bunduki. Lilikuwa na vijana wanne wa Kizungu wenye nywele ndefu na magitaa.

Nikaenda nayo nyumbani nikaitazama. Nikahesabu maiti: hakuna. Nikarudia tangu mwanzo: hakuna. Ngumi ilikuwa moja, tena ya mlevi, na ulioipata ni mlango.

Ilikuwa hadithi ya maisha ya bendi ya roki, ule muziki wa kelele. Vijana wanne wa mji wa mvua wanafanya mazoezi ndani ya ghala la nyama. Vyombo si vyao, ni vya mwenye baa aliyewaajiri. Wanaitwa jiji kubwa kurekodi. Siku mbili kabla ya safari, mpiga dramu anaonekana akiingia ofisini kwa mwenye baa, mlango unafungwa. Kesho yake anawaambia wenzake kwamba yeye haendi. Wanakwenda bila yeye, wanatajirika, wanagombana, wanazeeka. Mwishoni mwimbaji, nywele zote zimemhama, anarudi katika mji ule, anamkuta mpiga dramu akitengeneza baiskeli, na wanakumbatiana.

Haya, niambie adui yuko wapi hapo.

Siku ya kwanza kuionyesha Kitale nilimtafuta adui kama mtu anayetafuta choo katika mji wa ugenini. Dakika kumi zikapita, kumi na mbili zikapita. Wapakiaji wa mahindi walikuwa benchi la nyuma, na wale hawana subira, gunia lenyewe hawalipi nafasi ya kupumua.

"Dijei, hii ni filamu ama ni matangazo ya kifo?"

"Taja adui, bana!"

Hapo ndipo mpiga dramu akaingia ofisini kwa mwenye baa na mlango ukafungwa. Nami nikasikia mdomo wangu ukisema, "Huyu hapa, wazee! Mmemwona? Anakwenda kuwauza wenzake!"

Jumba likalipuka. Tangu hapo kila alipotokea alizomewa, hata akiwa anakunywa chai.

Ningependa kusema kwamba sikuelewa alichokisema nyuma ya ule mlango. Lakini robo yangu ya Kiingereza ilitosha. Alikuwa akimsihi mwenye baa awaache wenzake waende na vyombo, na yeye atabaki amfanyie kazi mpaka warudi, maana dada yake alikuwa hospitalini na hangeweza kumwacha. Neno hospitali hata mtoto wa nasari analijua. Nililisikia, nikaliruka, kama unavyoruka dimbwi.

Filamu ikapendwa. Niliionyesha Jumamosi nne mfululizo, na kila ilipoisha watu walibaki kwenye mabenchi wakibishana. Mama mmoja wa mitumba alimtetea mpiga dramu kwa hasira: "Kwani yeye ndiye mtu wa kwanza kuchoka na marafiki? Gitaa inalisha nani?" Mpakiaji mmoja alisimama kumjibu. "Mama, mwizi anachukua kitu yako. Huyu amechukua wenzake mzima mzima. Bora mwizi." Kijana mwingine alisema adui wa kweli ni zile nywele. Wengine walisema filamu haifai kwa sababu watu wakubwa hawawezi kulia hivyo, wengine wakasema ndiyo filamu ya kwanza waliyoiona yenye akili. Mimi niliwachochea pande zote mbili, kwa sababu mtu anayebishana Jumamosi hii hurudi Jumamosi ijayo na shahidi.

Mwalimu mmoja mstaafu alinisubiri mlangoni.

"Kijana, mimi nasikia Kiingereza. Unachosema sicho wanachosema."

"Mwalimu," nikamwambia, "na wewe si ulilipa kiingilio cha Kiswahili?"

Akacheka, mimi nikacheka, tukaachana. Nilifikiri nimeshinda.

Wiki ya tano amplifaya yangu ikaungua. Nilikuwa na fundi wangu Kanduyi, pale Bungoma mjini unapoingia, mzee mpole wa miaka sitini hivi aliyetengeneza redio katika kibanda cha mabati. Mafundi wa Kitale walikuwa karibu zaidi, lakini wao walikuwa wakitengeneza kitu kimoja na kuharibu viwili. Nikampelekea amplifaya pamoja na deki, na diski ile ikiwa ndani ya deki, ajaribie sauti.

Niliporudi baada ya siku tatu, nilimkuta amekaa mbele ya kitelevisheni cha mteja, mikono mapajani, chuma chake cha kuungia waya kimepoa. Filamu ilikuwa imefika kwenye duka la baiskeli. Hakuniamkia mpaka ilipoisha.

"Nimeiona mara tatu," akasema.

"Nzuri, mzee?"

Alizima kitelevisheni. Alisema, "Amplifaya yako imepona. Sitaki pesa."

Mtu akiniambia hataki pesa, mimi huanza kutafuta mlango. Nikamwuliza anataka nini.

Ndipo akanieleza, pole pole, akitazama bisibisi yake kana kwamba ndiyo iliyouliza. Wao pia walikuwa wanne. Walitoka Kimilili, walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wabukusu mliotahiriwa pamoja mnaitana bakoki, na hilo si neno la utani. Huyo si rafiki yako, ni zaidi, huwezi kumwacha hata ukichoka naye. Walikuwa na bendi. Walipigia kwa mwenye hoteli mmoja pale Kanduyi, vyombo vikiwa vyake. Wakaitwa Nairobi kurekodi. Yeye alikuwa mpiga dramu.

"Mke wangu alikuwa amelazwa Kitale," akasema. "Nikaingia kwa mwenye vyombo jioni, nikamwambia, waache waende na vitu, mimi nitabaki nikufanyie kazi. Akasema atafikiria. Asubuhi akafunga vyombo ndani, akaondoka na ufunguo. Safari ya Nairobi ikafa. Watu waliniona nikiingia. Mimi nilikuwa nimeshakwenda hospitalini, nikakaa huko miezi miwili. Niliporudi kesi ilikuwa imeshaamuliwa."

"Hukuwaambia?"

"Mwaka wa kwanza wao walikataa kunisikiliza. Mwaka wa pili mimi nilikataa kusema. Baadaye ikawa ni mazoea."

Mmoja wa wanne alikuwa ameshafariki. Waliobaki walikuwa wawili: mpiga gitaa, mkulima huko Kamukuywa, na mwimbaji, aliyekuwa akiongoza kwaya ya kanisa Kimilili. Zaidi ya miaka ishirini hawakuwa wamempa mkono. Walikutana kwenye mazishi na kila mmoja akachagua upande wake wa kaburi.

"Hii filamu imesema yote," mzee akaniambia. "Mimi mwenyewe siwezi, lakini hii imesema. Ilete Bungoma. Nitawatumia mwaliko wale wawili kupitia mtu. Wao Kiingereza ni kidogo. Wewe utawafasiria kama ilivyo. Kama ilivyo tu, kijana wangu, usiongeze chumvi."

Hakuwa amenisikia Kitale. Hakujua. Nikatazama amplifaya iliyopona, nikaipima uzito mikononi, nikasema, "Kama ilivyo, mzee."

Katika mapatano yote niliyowahi kuyafanya, sikuwahi kupata kitu kwa bei nafuu kama ile. Nilitoka pale nikipiga mluzi.

Jumba la Bungoma lilikuwa la mfanyabiashara mmoja Mwislamu, hatua chache kutoka msikitini. Alikuwa mtu wa kupatana naye vizuri, ila sharti lake moja halikupunguzwa hata ukilia: adhana ikianza, sauti yote izimwe, ya filamu na ya kwangu. Picha inaweza kuendelea. Tukakubaliana, Jumamosi, saa tisa mchana.

Nilihesabu watu wakiingia: themanini na watatu. Nikahesabu tena wakiwa wamekaa: themanini na watatu. Mzee alikuwa benchi la tatu, amevaa koti ambalo sikuwahi kumwona nalo. Wale wawili walikuja. Walikaa benchi hilohilo, lakini kati yao na yeye waliacha nafasi ya kukaa mtu mwingine mmoja. Mwimbaji alikuwa mrefu, na kofia ya kahawia. Mpiga gitaa alikuwa amekunja mikono ya shati kama mtu aliyekatizwa shambani. Wazee wote wa Bungoma waliokuwa pale walijua ni akina nani. Niliona watu wakigusana viwiko.

Nikaanza kama ilivyo. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Nilifasiri robo yangu kwa uaminifu, na nisipoelewa nilinyamaza. Dakika kumi zikapita.

"Dijei, staringi ni nani?"

"Hakuna staringi, jamani. Hii ni ya maisha ya watu."

"Hakuna staringi? Si ungesema mapema, tungebaki nyumbani!"

Wakacheka. Dakika kumi na tano. Kijana mmoja wa mbele akasimama. "Binamu yangu ako Kitale. Alisema kuna msaliti humu ndani. Ako wapi? Ama Kitale mnawaletea filamu mzima na sisi mnatuletea makombo?"

"Ndio! Taja msaliti!"

Watu wakaanza kutoka. Sikuweza kujizuia kuhesabu. Sabini na tisa. Sabini na wanne. Mwenye jumba alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, akiwatazama wanaotoka kisha akinitazama mimi. Sabini na mmoja. Kwenye picha mpiga dramu alikuwa anaukaribia mlango wa ofisi. Nilijua kwamba ukifungwa nimebakiwa na sentensi moja tu ya kusema, na nilikuwa nazo mbili.

Mlango ukafungwa.

"Mnamtaka?" nikasema. "Huyu hapa! Msaliti ndiye huyu! Anakwenda kuwauza wenzake kwa mwenye vyombo!"

Waliokuwa mlangoni wakarudi mbio. Jumba likanguruma. Sikumtazama mzee. Nilitazama waya wa kipaza sauti kwa muda mrefu kuliko unavyostahili kutazamwa waya wowote.

Nusu saa baadaye adhana ya alasiri ikaanza. Nikazima kila kitu. Ikawa ni picha tu, na sauti ya mwadhini ikiingia kwa dirisha. Na picha yenyewe ilikuwa ile ya kuagana. Mpiga dramu anawasaidia wenzake kupakia vyombo garini. Anafunga kamba ya mwisho. Anamvalisha mwimbaji koti lake mwenyewe, kwa sababu la mwimbaji limechanika. Gari linaondoka, naye anabaki katikati ya barabara ya mvua, na anafunika uso.

Jumba zima lilinyamaza. Bila mdomo wangu, watu waliona. Mama mmoja alisema, karibu kunong'ona, "Maskini, analia kweli." Mwimbaji wa Kimilili akavua kofia akaiweka gotini. Nilimwona akigeuza kichwa, kidogo tu, kuelekea ile nafasi iliyoachwa kwenye benchi, na kuipita, mpaka kwa mzee. Na mzee alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anasubiri.

Adhana ikaisha. Nikawasha kipaza sauti. Ningeweza kusema, "Wazee, nilikosea, sikilizeni alichokwenda kusema kule ofisini." Ni maneno machache. Nimeyahesabu mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nakuta kwamba pumzi moja ingetosha. Lakini walikuwa wamenyamaza, na katika kazi yangu jumba lililonyamaza lilikuwa jumba linalokufa. Sikujua kutofautisha.

"Msidanganywe na machozi hayo," nikasema. "Ni kitunguu. Amepaka kitunguu!"

Kicheko kilichotoka kilitikisa mabati. Mwimbaji naye akacheka, akarudisha kofia kichwani. Mpaka leo nikiisikia ile filamu ikitajwa, kicheko chake ndicho ninachokisikia, si cha wale wengine sabini.

Ikabaki ile sehemu ya duka la baiskeli. Ukishamfanya mtu msaliti, itabidi ueleze kwa nini anakumbatiwa. Kitale nilikuwa na jibu tayari, nikalitumia lile lile: "Ameomba msamaha, wazee. Na kwa sababu wenzake ni watu wazuri, wamemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Taa zikawashwa. Na kabla sijakunja waya, mwimbaji alisimama, akaivuka ile nafasi tupu ya benchi, akamnyooshea mzee mkono mbele ya kila mtu.

"Bakoki," akasema kwa sauti ya kwaya, ikasikika mpaka nje. "Kama hao Wazungu wameweza, sisi ni nani? Yale uliyotufanyia, leo tumekusamehe."

Mpiga gitaa naye alikuwa amesimama nyuma yake, akitikisa kichwa kukubali. Mama fulani alipiga kigelegele. Nilimwona mzee akiutazama ule mkono. Aliusubiri zaidi ya miaka ishirini, na ulikuwa hapo, wazi, umbali wa shubiri moja. Angeweza kuushika. Kilichotakiwa ni akubali tu kwamba alifanya ambacho hakukifanya.

"Mmenisamehe nini?" akauliza.

Mwimbaji hakuelewa. "Si tuseme yameisha."

"Yapi?"

Mkono ukabaki hewani, kisha ukashuka. Mzee akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, akatoka. Hakunitazama. Hakuna aliyenitazama, isipokuwa mwenye jumba aliyekuja kunipiga begani akisema kazi ilikuwa nzuri.

Nje watu walibishana mpaka jua likapoa. Wapo waliosema ile ndiyo filamu bora iliyowahi kuingia Bungoma, inayoweza kupatanisha watu wakiwa hai. Wapo waliosema yule fundi ana kiburi, ameletewa msamaha kwenye sahani akaumwaga. "Angekuwa hana makosa si angejitetea?" mmoja alisema, na mwenzake akamjibu, "Si umeona kwa macho yako hata Mzungu wake alikubali?" Mama yule aliyesema maskini alijaribu kusema kwamba yeye machozi aliyaona, na hayakuwa ya kitunguu. Wakamcheka. Mimi nilisimama kando nikikunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Jina likamshika. Kanduyi yote, ndani ya mwezi mmoja, alikuwa Kitunguu. "Peleka redio kwa Kitunguu." Watoto wa shule walipita kibandani wakijifanya wanalia, wakifikicha macho. Wateja hawakupungua, watu waliendelea kumpa redio zao, maana mkono wake ulikuwa safi. Walimpa redio tu. Salamu walizifupisha.

Mimi nilikaa wiki sita bila kupita Kanduyi. Amplifaya ilifanya kazi vizuri kupita zamani, na kila nilipoiwasha ilinichoma. Mwishowe nikaamua kurekebisha, na nikaamua kama mfanyabiashara: nitakwenda kwa mwimbaji, niseme ukweli, nimletee mzee mkono ule tena, safari hii bila lawama. Sikumwuliza mzee. Nilidhani nitampa zawadi.

Nilimkuta mwimbaji Kimilili, kwenye uwanja wa kanisa, akipanga viti vya mazoezi ya kwaya. Nikamwambia yote. Kwamba kule ofisini mpiga dramu alikwenda kuwaombea wenzake. Kwamba msaliti nilimbuni mimi, na kitunguu nilikibuni mimi, na hata kule kuomba msamaha mwishoni. Kwamba mzee naye alikwenda kwa mwenye vyombo kwa sababu hiyo hiyo, mkewe akiwa amelazwa hospitalini.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kiti kimoja.

"Wewe umesema ulisoma Kiingereza mpaka wapi?"

"Darasa la nane, mzee. Na kidogo mtaani."

"Kwa hiyo siku ile ulipokuwa na maiki ulitwambia hivi. Leo huna maiki unatwambia vile." Akakiweka kiti chini, akakinyoosha kwenye mstari. "Sasa kijana, mimi nichukue mdomo gani nyumbani?"

"Wa leo."

"Kwa nini?"

Mtu anayeishi kwa kubadilisha maneno kulingana na jumba hawezi kuomba aaminiwe uwanjani.

"Nilimpa mkono mbele ya watu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Haikuwa tena ya kwaya. "Unajua ilinichukua nini kusimama pale? Nilikaa nikiwaza njia nzima kutoka Kimilili, nimpe ama nisimpe. Nilipomwona yule kijana akifunga zile kamba nikasema, huyu ni yeye, hivi ndivyo alivyokuwa anatufungia vyombo. Nilikuwa nataka kumwuliza hata swali moja. Halafu wewe ukasema kitunguu, nikacheka." Akachukua kiti kingine. "Kama kuna ukweli mwingine, aje auseme yeye. Nitamsikiliza. Usije tena na maneno ya mtu mfukoni."

Nitamsikiliza. Nililibeba hilo neno mpaka Kanduyi kama yai. Nilihesabu nilichopata: nimekataliwa kuaminiwa, hiyo ni hasara, lakini nimepata "nitamsikiliza", kitu ambacho mzee hakukipata miaka yote. Nikaona nimetoka na faida.

Mzee alikuwa amefungua mgongo wa redio kubwa. Nikamwambia, nikianza na lile zuri.

"Amesema atakusikiliza, mzee. Uende tu. Amesema kwa mdomo wake."

"Ulikwenda kwake?"

"Nilikwenda kukiri. Nimemweleza yote."

"Yote," akasema. "Na ya hospitali?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mke wangu mpaka leo hajui kwamba bendi ilivunjika kwa ajili yake," akasema. "Wale wenzangu, yeye amewahi kuwapikia mara ngapi? Nilitaka filamu iseme ya yule dada wa Mzungu, wenyewe waelewe, isihitajike kutaja mtu." Alipuliza vumbi ndani ya redio. "Sasa Kimilili wanajua."

"Samahani, mzee."

"Mm."

"Lakini ukienda mwenyewe... Ni mwendo mfupi. Nitakupeleka. Atakusikiliza."

Akaweka chuma cha moto juu ya tofali lake, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kijana, mimi nilishakwenda," akasema. "Nilivaa koti, nikakaa kwenye benchi lako kwa saa mbili. Ile ndiyo ilikuwa safari yangu. Sina nyingine."

Akarudi kwenye redio. Nilisimama pale nimeuziba mwanga wake, mpaka mteja mmoja alipokuja na pasi iliyoharibika akaniomba nisogee.